Mstari Mzima, Mstari Uliokatika

Ninafuata njia ya hesabu ya mistari, nayo inaanzia Luoyang, jimbo la Henan nchini China, katika karne ya 11. Hapo aliishi mwanafalsafa Shao Yong, aliyefariki mwaka 1077, na jina lake limeshikamana na mchoro wa duara wa maumbo 64 ya Yijing, kitabu cha kale cha uaguzi. Kila umbo lina mistari sita, na kila mstari ama ni mzima ama umekatika. Kanuni ni kuzidisha kwa mbili: mbili, nne, nane, hadi 64. Mpiga ramli wa pwani yetu anaijua hesabu hii. Nukta moja au mbili katika safu nne humpa maumbo 16.

Tawi moja la njia lilikwenda Ulaya. Mwaka 1701 Mjesuiti Joachim Bouvet, akiwa Beijing, alimtumia mwanahisabati Leibniz mchoro huo. Leibniz alikuwa na hesabu yake ya 0 na 1 tangu zaidi ya miaka 20 nyuma. Mchoro ulipomfikia mwaka 1703, alisoma mstari mzima kuwa 1 na uliokatika kuwa 0, namba zikajipanga kuanzia 0 hadi 63.

Tawi la pili ndilo linalonivuta zaidi, maana liliingia mwilini. Kukohuko Henan, kijijini Chenjiagou, ukoo wa Chen ulirithishana sanaa ya mapigano ambayo leo ulimwengu unaiita tai chi. Chen Xin, mmoja wa ukoo huo, aliandika kitabu chake kuanzia 1908 hadi 1919. Kikachapishwa 1933, yeye akiwa ameshafariki. Humo michoro ya Yijing imekaa pamoja na michoro ya viungo, na nguvu inaonyeshwa ikijisokota kutoka kiunoni hadi vidoleni.

Walimu huhesabu mbinu 13: nguvu nane za mikono, zikilinganishwa na maumbo nane ya mistari mitatu, na hatua tano. Kwangu ulinganisho huo ni pambo. Hesabu yenyewe iko miguuni. Mguu mmoja ukijaa uzito, mwingine huwa mtupu; uzito ukigandia sawasawa kwenye yote miwili, walimu husema ni kosa, kwa kuwa mtu hageuki upesi. Ila 0 na 1 za Leibniz hazina kitu katikati, ilhali uzito wa mwili husogea taratibu, na mafunzo yote yamo katika kusogea huko. Wawili wanaposukumana mikono, mmoja akijaa upande wa kulia, mwenzake huondoa uzito upande unaoelekeana nao, na msukumo hukosa pa kugonga.