Kulisalimu Jua: Nuru na Bahari katika Historia ya Mji wa Zadar

Katika somo la insha za maelezo nimezoea kuwapa wanafunzi wangu picha na kuwataka waieleze kwa maneno yao wenyewe. Siku moja niliwapa picha ya duara kubwa la vioo lililotandazwa kando ya bahari, wakati wa usiku, likiwaka rangi za samawati, kijani na nyekundu, na watoto wakirukaruka juu yake. Nikawaambia kwamba duara hilo limo katika mji wa Zadar, nchini Kroatia, na kwamba umeme wake watoka kwa jua. Kijana mmoja aketiye nyuma ya darasa, ambaye kwao taa ya umeme ilifika yeye akiwa tayari anajua kusoma, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama wana umeme wa kutosha, kwa nini waupoteze kwa kupamba sakafu?"

Sikumjibu siku ile. Hakuuliza kwa utani, na jibu la haraka lingalikuwa dharau kwake. Makala haya ni jibu nililochelewa kulitoa. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa lugha wala si wa fizikia, nimelitafuta katika historia.

Mji mkongwe wa Zadar umejengwa juu ya rasi nyembamba inayoingia katika Bahari ya Adriatiki. Warumi waliufanya koloni lao na kuujengea uwanja mkubwa wa mikutano na soko. Uwanja huo ulipobomoka, mawe yake hayakutupwa: katika karne ya 9 yalitumika kujenga kanisa la mviringo la Mtakatifu Donatus, na hadi leo mtu akiinama kwenye msingi wake huona vipande vya nguzo za Kirumi vilivyolazwa kama matofali. Mwaka 1202 majeshi ya Vita vya Msalaba, yakisukumwa na Venice, yaliuteka na kuupora mji huu, ijapokuwa wakazi wake walikuwa Wakristo kama wao. Mwaka 1409 mfalme Ladislaus wa Naples aliiuzia Venice haki zake juu ya Dalmatia kwa dukati 100,000, na Zadar ikaenda pamoja na mauzo hayo. Basi wenyeji waliamka wakawa mali ya watu wengine bila kuulizwa.

Wakati wa utawala wa Venice, uliodumu hadi mwaka 1797, mji ulizungushiwa kuta nene kwa hofu ya Waturuki. Hapa hatuna budi kutua kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha habari yetu kilipo. Zadar ilikuwa mji wa bahari usioiona bahari. Mvuvi alipita lango ndipo afikie chombo chake, na mwanamke aliyekaa nyumbani aliusikia upepo tu. Hali hiyo ilibadilika katika nusu ya pili ya karne ya 19, chini ya Austria, kuta za upande wa bahari zilipobomolewa na mahali pake ikajengwa Riva, yaani barabara pana ya matembezi kandokando ya maji. Tangu hapo ikawa desturi ya wenyeji kutoka jioni, wazee kwa vijana, kutembea polepole, kusalimiana na kulitazama jua likizama nyuma ya visiwa. Mwaka 1894 taa za barabarani za umeme ziliwaka Zadar, na kuuweka miongoni mwa miji ya kwanza ya pwani ile kupata nuru hiyo. Mji jirani wa Šibenik ulifuata mwaka 1895, kwa umeme wa maporomoko ya mto Krka.

Furaha ya barabara ile haikudumu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mji ulipewa Italia, na katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia Novemba 1943 hadi mwaka 1944, ndege za Mataifa ya Washirika ziliupiga mabomu mara nyingi hata sehemu kubwa ya mji mkongwe ikawa kifusi. Majumba ya fahari yaliyokuwa yametazama bahari yaliteketea. Baada ya vita Zadar ikawa sehemu ya Yugoslavia, nchi ambayo walimu wetu walitutajia darasani kwa sababu ya Josip Broz Tito na mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote uliofanyika Belgrade mwaka 1961. Mji ulijengwa upya kwa haraka, kwa kuwa watu walihitaji paa juu ya vichwa vyao, na saruji haikusubiri uzuri. Ncha ya magharibi ya Riva iliachwa ukuta mtupu wa zege, mahali pa kupita tu. Hata hivyo jua halikuacha kutua hapo, na yasimuliwa kwamba mwongoza filamu Alfred Hitchcock, alipozuru mwaka 1964, aliyasifu machweo ya Zadar kupita yote aliyopata kuyaona. Wenyeji hawajachoka kuikariri sifa hiyo.

Ajabu ni kwamba sanaa ya mji huo haikungoja majengo yapendeze. Mwaka uleule wa 1961, katika kanisa lile la mviringo ambalo halikuwa likitumika tena kwa ibada, yalianzishwa maonyesho ya muziki ya kila kiangazi, nayo yanaendelea hata leo, kwa kuwa kuta zake hurudisha sauti vizuri mno. Na mitaani palikuwa na kile kisichohitaji jengo lolote: uimbaji uitwao klapa. Hawa ni waimbaji wachache, aghalabu wanaume, wasimamao nusu duara na kuimba bila ala yoyote, sauti nne zikishikamana, juu ya mapenzi, bahari na nyumbani. Uimbaji huo wa Dalmatia uliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Msomaji na aukumbuke, maana tutakutana nao tena mahali asipoutazamia.

Kisha giza likarudi. Mwaka 1991, Yugoslavia ilipokuwa ikivunjika, Zadar ilizingirwa na kupigwa mizinga. Maji yalikatika, umeme ukakatika, na mwezi wa Novemba daraja la Maslenica, lililouunganisha mji na kaskazini ya nchi, lilibomolewa. Watu walilala katika vyumba vya chini ya ardhi. Njia ya nchi kavu ilifunguliwa mwaka 1993, lakini makombora hayakukoma kabisa hadi mwaka 1995. Msomaji wa hapa Rwanda hahitaji kuelezwa maana ya usiku ambao mtu huogopa kuwasha hata kibatari.

Huu ndio mji uliomwita msanifu majengo Nikola Bašić, mtu wa kisiwa cha Murter kisicho mbali na hapo, wakati ilipojengwa gati ya meli kubwa za watalii kwenye ncha ile ya zege. Angeweza kuweka sanamu. Yeye alizishusha ngazi za mawe meupe hadi majini, zenye urefu wa mita 70 hivi, na chini yake zikafichwa bomba 35 za urefu mbalimbali. Wimbi likiingia husukuma hewa, hewa hupita katika filimbi, na sauti hutokea kwenye matundu yaliyo katika sakafu ya juu. Kazi hiyo iliyozinduliwa mwaka 2005 inaitwa Kinanda cha Bahari. Bomba zimegawanywa makundi saba ya bomba tano tano, na sauti zake zimepangwa kufuata mwafaka wa sauti za klapa. Yaani bahari imefundishwa kuimba kwa lafudhi ya wenyeji! Nakiri kwamba jambo hili lilinipendeza kuliko yote niliyoyasoma juu ya Zadar. Mwaka 2006 kazi hiyo ilishiriki nafasi ya kwanza ya tuzo ya Ulaya ya maeneo ya wazi ya mijini.

Hatua chache kutoka hapo, mwaka 2008, Bašić aliongeza duara lile la picha yangu. Upana wake ni mita 22, na limeundwa kwa vibamba 300 vya kioo cha tabaka nyingi, vilivyolazwa usawa mmoja na mawe ya Riva ili watu wakanyage bila woga. Chini ya kioo zimo seli za jua na taa ndogo ndogo zisizokula umeme mwingi. Mchana mwanga wa jua unapoipiga seli husukuma chembe za umeme ziitwazo elektroni, nao umeme ukaanza kutiririka. Kanuni hiyo iligunduliwa na Mfaransa Edmond Becquerel mwaka 1839, ingawa seli ya silikoni yenye manufaa haikupatikana hadi mwaka 1954 huko Marekani. Usiku taa huwaka, na rangi zake huchezacheza kwa kufuata mwendo wa mawimbi na sauti ya kinanda. Umeme huo husaidia pia taa za Riva yenyewe. Duara hilo ni mfano wa Jua. Mbele yake kando ya maji ziko duara ndogo zinazowakilisha sayari, kwa ukubwa na umbali uliopimwa kwa uwiano. Na kwenye ukingo wake yameandikwa majina ya watakatifu wa makanisa ya mji na siku zao, kwa kukumbuka kalenda ya kale ya Zadar ya karne ya 13.

Mhandisi atasema, na kwa haki, kwamba hiyo si njia bora ya kuvuna jua. Katika latitudo ya digrii 44 kaskazini, kibamba hulazimu kuinamishwa kuelekea kusini. Kukilaza chini na kukikanyagisha miguu ya watu ni kupunguza mavuno kwa makusudi. Isitoshe, chumvi ya bahari na nyayo zimeviumiza vioo, na baada ya miaka michache baadhi ya taa zilianza kuzimika, wageni wakaanza kunung'unika. Sanaa ya namna hii hudai fundi kila mwaka, kama vile mtumbwi udaivyo kalafati, na mwenye kuzindua si lazima awe mwenye kukarabati. Jambo hili twalijua vizuri: njiani kuelekea shuleni kwetu ipo taa ya sola iliyosimamishwa kwa hotuba na ngoma, na sasa ni nguzo ya kufungia mbuzi.

Lakini na tulinganishe. Hapa Rwanda, wilayani Rwamagana, ulijengwa mwaka 2014 mtambo wa jua wa megawati 8.5 wenye vibamba 28,360, navyo vimepangwa kwa umbo la bara la Afrika. Ni kazi ya manufaa makubwa kuliko duara la Zadar, na haifai kuzilinganisha kwa umeme. Ila umbo lile zuri huonwa na aliye angani. Mkulima apitaye kando yake huona ua na safu za vibamba. Duara la Zadar huonwa na aliye chini. Halina kiingilio wala ua. Mzee aliyepitisha usiku wa mwaka 1991 katika chumba cha chini ya ardhi anaweza kusimama juu yake na mjukuu wake saa tatu za usiku, mahali ambapo babu zake walizuiwa na ukuta na baba yake akaachiwa zege.

Nilimweleza hayo kijana wangu, kwa kirefu kuliko alivyotaka. Alisikiliza, kisha akasema kwamba bado angeanza na taa ya njia ya kwenda kisimani, halafu ndipo afikirie sakafu. Nikamwambia aandike hivyo katika insha yake, akaandika, na nikampa alama nzuri.

Mjadala uliobaki ulikuwa wa lugha. Jina la kazi hiyo kwa Kikroati ni Pozdrav Suncu. Neno la kwanza ni salamu, na la pili ni jua, ambalo mwisho wake umegeuzwa ili kuonyesha kwamba ndilo linalopelekewa salamu. Nusu ya darasa ilishikilia tafsiri ya "Salamu kwa Jua". Nusu nyingine ilisema kwamba Kiswahili kina kiambishi chake cha mtendwa, na kwamba "Kulisalimu Jua" ndiyo tafsiri iliyo hai, kwa kuwa humo yumo mtu anayesalimu. Mimi niko upande wa hawa wa pili, kama kichwa cha makala kinavyoonyesha. Yule kijana yuko upande wa kwanza, na kengele ililia kabla hatujapatana.