Bei iko London, mizani iko Likasi

Kijana yeyote wa Likasi mwenye simu na megabaiti kidogo anaweza kujua, saa hii hii, kobalti inakwenda dola ngapi kwa tani. Anaandika maneno matatu, bei inatokea. Halafu anafika na mifuko yake ku depo, anapewa bei ingine kabisa. "Papa, ku simu banaandika ingine!" Na mwenye depo: "Basi uzisha ku simu."

(Kwa wandugu wa Tanzania wanaotusoma: huku kwetu "kuuza" ni kununua, na "kuuzisha" ndiyo kuuza. Hata neno lenyewe tunagombania.)

Watu wanasema pale kuna wizi tu. Wizi upo, siukatai. Lakini ugomvi huu una historia, na ukiifuata unaona swali la zamani si "bei ni ngapi?" Swali ni nani ana haki ya kuisoma.

Soko la metali la London lilianza mwaka 1877. Ni mnada: wanunuzi na wauzaji walikaa kwa duara, wanapigiana kelele za bei. Tangu 2001 sehemu kubwa ya ule mnada iliingia kwenye kompyuta, na kobalti ikaingia sokoni humo mwaka 2010. Kwa hiyo ile namba kwenye simu yako ni ya metali safi, iliyokwisha kusafishwa, iko tayari kwenye ghala la mbali. Si bei ya jiwe.

Wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa 1906, ugomvi wa namna hii haukuwepo Jadotville, na sababu haipendezi. Kampuni ilichimba, ikayeyusha, kiwanda cha Shituru kikaanza 1929, na kazi nyingine ya kusafisha ikafanywa Ubelgiji na kampuni za jamaa moja. Muuzaji na mnunuzi walikuwa kama mkono wa kushoto na wa kulia. Mfanyakazi wa Panda hakuwa na jiwe la kuuzisha. Alikuwa na mshahara. Bei ya shaba ilipanda, ikashuka, yeye aliisikia kwa mbali.

Jadotville ikawa Likasi mwaka 1966, na mwaka uliofuata mali ya kampuni ikawa ya serikali. Ndiyo baadaye tukaijua kama Gécamines. Mwaka 1974 Zaïre ikaunda Sozacom ili nchi iuzishe yenyewe. Hapo ndipo muuzaji alipoonja nguvu. Kobalti haikuwa na mnada wakati ule: mwenye kuitoa alitangaza bei, mnunuzi akalipa ao akaenda. Mwezi wa tano 1978 vita iliingia Kolwezi, dunia ikaogopa kukosa kobalti. Bei ya kutangazwa, ambayo ilikuwa chini ya dola 7 kwa ratili, ilifika dola 25 mwaka 1979. Kwenye soko huria watu walilipa zaidi ya dola 40. Wanunuzi wa Marekani walilalamika sana, lakini hawakuishia kulalamika: wenye kutengeneza spika za redio walihamia kwenye sumaku za ferite, zisizo na kobalti, na wengi hawakurudi tena. Mimi naona hadithi hii ingefaa ifundishwe kwenye kila darasa la uchumi hapa mjini, kwa sababu bei kubwa ile ilifukuza wateja wa miaka mingi. Sozacom yenyewe ilifungwa 1984.

Kisha Gécamines ikaanguka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, uzalishaji uliokuwa unakaribia tani 500,000 za shaba kwa mwaka ukabaki makumi machache ya maelfu. Mishahara ikakatika. Mwisho wa miaka ya 1990 watu walichukua nyundo na mifuko, wakaingia karieri. Kwa mara ya kwanza tangu walaji wa shaba wa zamani, mtu wa kawaida wa Katanga alikuwa na jiwe lake mwenyewe mkononi, na alihitaji mtu wa kumwambia lina thamani gani.

Huyo mtu ni mashine. Metorex ni chombo kama bastola. Kinapiga jiwe kwa mionzi, kinatoa asilimia. Tuseme una kilo 100 za jiwe. Mashine ikisoma asilimia 3, ndani kuna kilo 3 za kobalti. Ikisoma 2, kuna kilo 2. Umepoteza theluthi ya makuta yako kwa namba moja, na mizani haijaguswa bado. Tena chombo hiki kinasoma ngozi ya jiwe, si tumbo. Jiwe likiwa na maji, namba inashuka. Wakichagua upande maskini wa mfuko, namba inashuka. Wachimbaji wanajua haya yote, ndiyo maana kuna wanaopaka vumbi nzuri juu ya mfuko na kuficha mawe ya bure chini. Depo nayo inajua, inapunguza mapema kwa kujilinda. Kila upande unadanganya kwa sababu ya uwongo wa mwenzake, na mashine iko ya upande mmoja.

Baada ya hapo mwenye depo anatoa usafiri, kodi, kazi ya kusafisha, faida yake. Hata kampuni kubwa zinazouza haidroksidi, kwa miaka mingi hazikupata bei yote ya metali safi, zilipata sehemu yake tu. Kwa hiyo yule kijana akidai bei ya simu anakosea. Akidai aione mashine inavyosoma, na apime kwingine kabla ya kuuzisha, hakosei hata kidogo.

Wala tusifikiri mnada wa kompyuta ni mtakatifu. Tarehe 8 mwezi wa tatu 2022, bei ya nikeli London ilipita dola 100,000 kwa tani ndani ya masaa machache. Wakubwa wa soko wakafuta biashara zote za asubuhi ile. Waliouza kwa bei ile wakakosa faida. Elliott na Jane Street walishtaki, wakadai zaidi ya dola milioni 470. Mahakama ikawakatalia 2023. Yaani hata mwenye mawakili wa London anaweza kuambiwa bei aliyoiona kwenye kioo haikuwa bei.

Kwetu, serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt mwaka 2019 ili inunue peke yake kobalti ya wachimbaji wa mkono. Mwezi wa pili 2025 ikasimamisha usafirishaji wa kobalti yote, na mwezi wa kumi ikaleta kiasi maalum kwa kila kampuni. Bei ya dunia ikapanda zaidi ya mara mbili. Muuzaji akashika tena nguvu, kama 1979. Lakini muuzaji huyo ni nchi. Depo isiyoweza kupitisha lori mpakani haina sababu ya kulipa bei ya simu, na kwenye mizani Metorex bado iko mikononi mwa anayenunua.