Baiskeli ya Chuma na Ardhi Iliyokatwa Vipande

Historia ya baiskeli nchini Kenya husimuliwa kuanzia Busia, na si kwa makosa. Huko, katika miaka ya 1960, wanaume wenye baiskeli nzito za chuma walianza kuwavusha wasafiri na magunia kati ya vituo viwili vya mpakani, cha Kenya na cha Uganda. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa bodaboda, ikasambaa hadi Kisumu na kwingineko. Katika simulizi hiyo Kajiado, kaunti ya Wamaasai, haimo. Ikitajwa, hutajwa kwa maneno machache: Mmaasai ni mtu wa kutembea. Jibu hilo ni la kivivu. Lingekuwa na uzito kama Wamaasai wangeletewa baiskeli wakati ina kazi ya kuwafanyia, wakaikataa. Baiskeli humfaa mtu asiyehama, anayekwenda na kurudi njia ile ile kila siku, mwenye mzigo unaomshinda kichwani ila hautoshi kukodishiwa gari. Kimuka, huko Kajiado, nyuma ya vilima vya Ngong kwenye njia ya kuelekea Ewuaso na Suswa, hakukuwa na maisha ya namna hiyo mpaka ardhi ilipogawanywa. Kwa hiyo anayetaka kueleza jinsi baiskeli ya chuma ilivyofika huku na kwa nini ikabadilishwa umbo, aanze na hatimiliki kabla ya kufika kwenye fremu.

Mikataba ya 1904 na 1911 iliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia na Bonde la Ufa la kati na kuwasukuma katika hifadhi ya kusini, ambayo sehemu yake ndiyo Kajiado ya leo. Hifadhi ilikuwa finyu kuliko nchi waliyoipoteza, lakini ndani yake mifugo iliendelea kufuata mvua. Anayefuata ng'ombe kati ya mawe, miiba na makorongo hana haja ya magurudumu. Baiskeli ingekuwa mzigo wa kubebwa. Reli ya Magadi, iliyofika ziwani mwaka 1915 kwa ajili ya magadi, ilileta stesheni, maduka na makarani, na hao walikuwa na sababu ya kupanda baiskeli: walikaa mahali pamoja. Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya sheria ya 1968 iliyoziandikisha ranchi za pamoja, na zaidi pale wanachama wa ranchi hizo walipoanza kugawana ardhi, kila mmoja na hati yake. Kitengela, upande wa pili wa kaunti, ranchi iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na muda mfupi baadaye eneo la viwanda vya kuuza nje likaanzishwa jirani, Athi River, palipokuwa tayari na kiwanda cha saruji na machinjio ya Kenya Meat Commission. Uzio ulipopanda, kisima, shule, duka na lami vilibaki mahali pake, na nyumba nayo ikabaki mahali pake. Umbali kati ya vitu hivyo ukawa deni la kulipwa kila asubuhi.

Baiskeli iliyokuja kulipa deni hilo haikutengenezwa kwa ajili ya Kajiado. Ilikuwa ile Raleigh ya Nottingham, na baadaye ndugu zake wa India na China, Hero, Avon na Phoenix, ambazo Wakenya waliziita zote Black Mamba. Raleigh ilijitangaza kuwa baiskeli ya chuma tupu. Kuna bango lake maarufu lililosambazwa Afrika likimwonyesha mpanda baiskeli akimwacha simba nyuma. Bango lilisifu mbio. Waliozitumia baiskeli hizo walithamini jambo jingine kabisa, kwamba chuma laini kikikatika kinachomelewa. Mwenye mtungi wa gesi au mashine ya stima anaunga fremu iliyovunjika shingoni kwa dakika chache, na alama ya kuchomelea haimzuii mtu kuipanda miaka kumi zaidi. Breki za vyuma hazina kebo ya kukatika. Rimu za inchi 28 hupita juu ya shimo ambalo gurudumu dogo lingezama. Haya ni mema ya kiwandani. Mabaya pia yalikuwapo, nayo ndiyo yaliyompa fundi kazi: kerea ya kiwandani ilitosha mkoba wa karani, si mitungi minne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80 kabla ya kumhesabu mpandaji. Fundi akaing'oa, akachomelea nyingine ya nondo, pana na ndefu, miguu yake ikishuka hadi kwenye ekseli. Akaongeza vyuma vya kushikilia foki ili isipinde mbele, akabadilisha stendi ya upande kwa ile ya miguu miwili, akatoa madigadi na kifuniko cha cheni ili matope yasigande. Tyubu kuukuu ikakatwa vipande vya kufungia mzigo. Nadhani tunakosea tunapoyaita haya matengenezo. Ni ubunifu wa pili wa chombo, uliofanywa na mtu aliyejua barabara ambayo mhandisi wa kwanza hakuiona. Serikali yenyewe ilichelewa kumtambua mtu huyo: jua kali, yaani kazi ya mafundi kama yeye, haikuingia kwenye sera rasmi hadi miaka ya 1980. Miaka hiyo hiyo ikielekea mwisho, kodi ya baiskeli zinazoingizwa ilishushwa, na Black Mamba zikaongezeka nchi nzima.

Lipo pingamizi zito kuliko lile la mila: punda. Maji ya Umaasai yamebebwa na punda kwa vizazi vingi, hana pancha na hachomelewi. Kama safari ya kisimani ndiyo iliyoleta baiskeli, mbona punda hakuendelea kuifanya? Aliendelea, na bado yupo. Lakini punda anahitaji malisho, na malisho ndiyo yaliyokatwa vipande. Mwenye ekari hamsini anaweza kumfuga. Mwenye kiwanja cha robo ekari, au mpangaji wa chumba kimoja, hawezi. Kisha machinjio ya punda yaliyofunguliwa nchini kuanzia 2016 kwa ajili ya soko la ngozi la China yalichochea wizi mpaka serikali ikayapiga marufuku mwaka 2020. Na hapa lazima nikiri upande dhaifu wa hoja yangu: wengi walioendesha baiskeli Kajiado hawakuwa wafugaji. Walikuwa vibarua, wajenzi, wachimba mawe na wauza maji waliotoka Ukambani, Kisii au Magharibi, na baadhi yao walikuja na ujuzi wa Busia mikononi. Bado hilo haliivunji hoja. Wageni hao walifuata viwanja vilivyouzwa na kazi zilizozaliwa na mgawanyo ule ule. Kitengela hata mzigo ulikuwa mwingine, mwili wa mfanyakazi mwenyewe akiwahi zamu.

Wengine watasema yote haya yamepita, pikipiki imeshinda. Mwaka 2008 pikipiki ndogo ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, na baada ya hapo abiria wa baiskeli walihama karibu wote. Ni kweli, kama baiskeli inahesabiwa kwa abiria. Ikihesabiwa kwa mtu anayekwenda kazini bila kununua petroli, ushindi huo umepungua kimo. Hata baiskeli za mtumba za alumini zenye gia, zinazopendeza macho sokoni, hazikuiondoa Black Mamba kwenye kazi nzito, kwa kuwa alumini ikipasuka mafundi wengi wa kando ya barabara hawana mashine ya kuiunga. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005, lilipobuni Buffalo kwa ajili ya vijiji vya Afrika lilifika mahali fundi alipokuwa zamani: fremu ya chuma, kerea ya kubeba kilo 100, breki isiyo na kebo. Watalii wa masafa marefu nao wameamua hivyo hivyo. Tour d'Afrique, inayotoka Cairo hadi Cape Town tangu 2003, hushuka kutoka Nairobi kuelekea Namanga ikipitia Kitengela na Kajiado, na kwa wasafiri wa namna hiyo chuma kina sifa ya kwamba kikivunjika mbali na duka, atapatikana wa kukichomelea.

Huyo wa kukichomelea mara nyingi hatengenezi tena baiskeli nyingi. Anachomelea mageti ya viwanja na vyuma vya kulinda miguu kwenye pikipiki, akizirefushia viti na kuziongezea springi za nyuma. Pikipiki hutoka India au China ikiwa na kerea ya mzigo mwepesi. Kabla haijabeba maji huchomelewa nyingine ya nondo, pana na ndefu, na mitungi hufungwa kwa tyubu.