Uzito wa Maji Mkononi

Keni ya kumwagilia ya mtindo wa zamani, yenye mrija mrefu na kichwa cha shaba, inapendeza hata ikiwa imekaa tu barazani, na wengi hudhani iliundwa kwa ajili ya macho. Historia yake inaonyesha kwamba iliundwa kwa ajili ya mkono. Karne kadhaa zilizopita, watunza bustani wa Uingereza walitumia mtungi wa udongo wenye matundu madogo kitakoni na tundu moja juu. Waliuzamisha majini ukajaa, wakaziba tundu la juu kwa kidole gumba, hewa ikakosa pa kuingilia na maji yakabaki ndani. Wakifika kwenye miche waliinua kidole, na maji yakashuka kama manyunyu.

Mtungi huo ulifaa miche michanga, lakini haukubeba maji mengi. Keni ya chuma ilibeba zaidi, ikaleta shida yake: lita 10 za maji ni kilo 10, na uzito huo huhama kila unapoinamisha. Aliyeitatua shida hiyo vizuri ni John Haws, Mwingereza aliyetumikia serikali ya kikoloni kisiwani Morisi na kulima vanila huko. Keni za Kifaransa alizozikuta zilikuwa ngumu kubeba na kuinamisha. Mwaka 1886 akapata hataza ya keni yenye uzito uliosawazishwa, rahisi kubeba na kumimina. Kichwa chake huelekea juu, hivyo maji hupanda kidogo ndipo yadondoke, bila kulaza miche wala kuchimbua udongo.

Atakayesema vifaa vya bustani vya namna hii vilikuwa fahari ya matajiri ana hoja. Kwa mfano, vikapu vya bustani vya mbao vya fundi Thomas Smith wa Sussex, Uingereza, vilipata sifa baada ya Malkia Victoria kuvipenda kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851. Hata hivyo, kikapu cha namna hiyo kilikuwa chombo cha shambani tangu awali. Smith alikifanya kiwe chepesi. Na wepesi ulikuwa na maana kubwa kuliko fahari. Jane Loudon, katika kitabu chake cha mwaka 1840 cha kuwafundisha wanawake kazi ya bustani, alisisitiza sepetu nyepesi na glavu imara. Kwa vifaa hivyo, mwanamke ambaye desturi ilimtaka asimame kando akimwelekeza mtumishi aliweza kulima tuta lake mwenyewe.