Kodi ikikushinda Marekani: pa kuanzia kabla mambo hayajafika mahakamani

Wadau mlioko Marekani, ishu hii naulizwa mara kwa mara, hivyo naiandika hapa iwe rahisi kuipata. Saa za kazi zimepunguzwa au umeugua, boksi halibebeki, na tarehe mosi hiyooo. Ufanyeje?

Kwanza, sahau zile hela za enzi za Corona. Desemba 2020 na Machi 2021 Bunge la Marekani lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 kusaidia wapangaji. Mpango ule umekwisha. Akija mtu anakuuzia "fomu" zake, huyo tapeli. Kilichobaki ni mafungu madogo ya kaunti, majiji na mashirika ya dini, na mengi hukauka haraka. Anayewahi ndiye anayepata.

1. Piga 211. Ni bure. Wao hawatoi hela, wanakuelekeza nani mtaani kwako bado anazo. Omba mkalimani wa Kiswahili ukihitaji. Taja namba ya posta ya mtaa wako, kiasi unachodaiwa na tarehe iliyo kwenye notisi. Jiji la New York piga 311 uulizie One-Shot Deal, msaada wa mara moja wa jiji. Uliza kabisa kama utatakiwa kuurudisha, maana wakati mwingine ni mkopo.

2. Salvation Army, Catholic Charities na St. Vincent de Paul. Si lazima uwe muumini wao. Misikiti mingi nayo ina mfuko wa zaka. Kila mmoja anaweza kukupa kidogo tu, kwa hiyo unganisha.

3. Ongea na mwenye nyumba mapema, tena kwa maandishi. Kwa kawaida hundi inakwenda kwake, haipiti mkononi mwako, na mara nyingi naye anatakiwa kujaza fomu. Akigoma, msaada unakwama. Ukimlipa nusu, dai risiti.

4. Andaa makaratasi: mkataba, notisi, stabu za mshahara, kitambulisho, na barua ya kazini au hospitali inayoonyesha kilichokusibu. Wengi watauliza pia mwezi ujao utalipaje. Uwe na jibu.

5. Notisi ya mwenye nyumba si amri ya mahakama. California inakupa siku 3 za kulipa, bila kuhesabu wikiendi na sikukuu. New York siku 14. Zikipita ndipo anaweza kukushtaki. Georgia, ukishapelekewa mashtaka una siku 7 za kujibu. Ukinyamaza, hukumu inaweza kutoka bila wewe kusikilizwa. Karibu majimbo yote yanamkataza kukubadilishia kitasa bila amri ya mahakama. Tafuta ofisi ya msaada wa kisheria siku hiyohiyo unayopata karatasi.

Ninachokiona kikituangusha Waswahili ni aibu. Nyumbani tunatuma hela kila mwezi, basi kusema "kodi imenishinda" tunaona tumeumbuka. Matokeo yake mtu anajitokeza akiwa tayari na hukumu mkononi, wakati mashirika mengi yangeweza kumsaidia alipokuwa na notisi tu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Piga simu leo.

Mwenye kujua fungu lililo wazi kwenye jimbo lake, alitaje hapo chini. Litamfaa mwenzio.