Umbali na Muda wa Safari katika Nchi ya Bariadi

Katika karne ya 19, watu wa Ntuzu, Kanadi na Itilima, yaani himaya ndogo zilizotawaliwa na watemi na ambazo leo zimo ndani ya Mkoa wa Simiyu wenye makao makuu Bariadi, walihesabu umbali kwa siku za kutembea na kwa visima vya njiani. Kipimo hicho kilionekana wazi zaidi katika safari za chumvi kuelekea Ziwa Eyasi, ambako wanaume wa Usukuma, eneo pana lenye himaya hizo, walikwenda kwa makundi wakati wa kiangazi, ziwa linapokauka kingoni na kuacha magadi na chumvi juu ya ardhi, wakipita nyika ya Meatu chini ya kiongozi aliyejua maji yalipo na aliyebeba dawa za kinga. Masika yalibadili hesabu yote, kwa kuwa udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mfinyanzi mzito, ukilowa hunasa mguu wa mtu na gurudumu vilevile.

Wageni nao waliacha hesabu zao za safari. Mpelelezi Henry Morton Stanley, aliyetoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 na kufika Kagehyi, kwenye Ziwa Viktoria, tarehe 27 Februari 1875, aliandika kwamba msafara wake ulikwenda maili 720, takriban kilomita 1,160, kwa siku 103. Wastani huo wa kilomita 11 kwa siku unajumuisha mapumziko, maradhi na mapigano, na kwa hiyo haupimi kasi ya wapagazi, ambao wengi wao katika biashara ya enzi hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma.

Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, ilipita Malampaka, wilayani Maswa, lakini Bariadi ilibaki kando. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London hadi Mwanza kwa siku zipatazo 10, jambo la ajabu kwa wakati wake, ingawa barua ya Bariadi ilipotua Mwanza ilikuwa bado na safari ya nchi kavu mbele yake.

Hali hiyo haijaisha. Umbali wa angani kati ya Dar es Salaam na Mwanza ni kama kilomita 850, na ndege ya leo huumaliza kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Abiria anayekwenda Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, hutumia muda mrefu zaidi barabarani, akipita Magu na Lamadi, kuliko aliotumia hewani. Zamani kipande cha Lamadi hadi Bariadi kilitegemea mvua; kwa msafiri wa huko, kilomita 72 hivi za lami iliyowekwa hapo zimeokoa muda mwingi.