Ziara ya baiskeli na msafara wa uchunguzi

Ziara ya baiskeli ni safari ya siku moja au zaidi inayofanywa kwa baiskeli kwa ajili ya kujiburudisha, kutembelea mahali au kuijua nchi. Msafara wa uchunguzi ni safari iliyopangwa kwa lengo maalumu, kama vile kupima, kukusanya habari au kujaribu jambo ambalo halijafanyika, katika eneo ambalo wasafiri hawawezi kutegemea huduma za njiani. Kwa kuwa msafara wa uchunguzi nao unaweza kufanywa kwa baiskeli, mara nyingi maneno haya huchanganywa.

Watu wengi hudhani kwamba tofauti iko katika umbali. Sivyo. Tour d'Afrique, inayofanyika tangu mwaka 2003 kutoka Cairo hadi Cape Town na kupita Tanzania, ina urefu wa takriban kilomita 12,000 na huchukua miezi minne hivi, lakini ni ziara: njia inajulikana, magari hubeba mizigo, wapishi huandaa chakula, na anayeugua hupakiwa garini. Kwa upande mwingine, kilomita 100 za mchanga bila maji wala kijiji zinaweza kumlazimu mtu ajipange kama mpelelezi.

Maneno

Katika Kiswahili neno "safari", lenye asili ya Kiarabu, linatosha kwa yote mawili: kwenda kumsalimia shangazi Masasi ni safari, na kuvuka bara zima ni safari. Katika karne ya 19 "msafara" ulikuwa kundi la watu waliosafiri pamoja kutoka pwani kwenda bara, wenye wapagazi, wanyapara na kiongozi wa njia. Waingereza waliazima "safari" wakati huohuo, na baadaye wakaifanya imaanishe hasa kwenda kuwinda au kutazama wanyama. Ndiyo sababu makala hii inaongeza maneno "wa uchunguzi": msafara peke yake unaweza kuwa hata wa magari ya harusi.

Yanayotenganisha

Jambo la kwanza ni lengo. Mtalii wa baiskeli akiamua kupumzika siku tatu, au akigeuza njia kwa sababu ameambiwa kuna ziwa zuri, hajaharibu chochote. Msafara una swali la kujibu na mtu wa kumpelekea jibu. Mwaka 1897 askari 20 Wamarekani weusi wa Kikosi cha 25 cha jeshi la miguu, chini ya Luteni James Moss, waliendesha baiskeli kutoka Fort Missoula huko Montana hadi St. Louis, zaidi ya kilomita 3,000. Hawakwenda kutembea. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli ingeweza kuchukua nafasi ya farasi, na kila pancha ilikuwa sehemu ya jibu.

Jambo la pili ni kujitegemea. Katika ziara, tatizo la baiskeli linamalizwa na fundi wa kijiji kinachofuata. Katika msafara fundi ni msafiri mwenyewe, na spoki, tyubu, cheni na gundi ya kuziba pancha lazima vitoke naye nyumbani. Hata hivyo wingi wa vifaa si kipimo. Waingereza Nicholas na Richard Crane, waliopandisha baiskeli hadi kilele cha Kilimanjaro mwishoni mwa mwaka 1984 ili kuchangisha fedha za maendeleo, walisafiri mwaka 1986 kutoka pwani ya Bangladesh hadi Asia ya kati kwa siku 58. Walikwenda bila hema, na mizigo yao ilikuwa midogo kuliko ya watalii wengi wa mwisho wa wiki.

Jambo la tatu, na pengine ndilo kubwa, ni shaka. Mtalii hajui kama chumba cha wageni kitakuwa kizuri. Mchunguzi hajui kama njia ipo.

Mifano mingine iko katikati. Thomas Stevens alizunguka dunia kwa baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele kati ya 1884 na 1886, kwa hamu yake zaidi kuliko kwa utafiti wowote. Lakini mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Henry Morton Stanley. Mara hii alikwenda na wapagazi, bila baiskeli. Mpolandi Kazimierz Nowak alisafiri Afrika nzima kwenda na kurudi kati ya 1931 na 1936, takriban kilomita 40,000, kwa baiskeli, miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Alikuwa peke yake na fedha chache, akituma picha na habari magazetini. Kwa kipimo cha shaka, safari yake ilikuwa ya uchunguzi kuliko nyingi zilizokuwa na bendera na wafadhili.

Barabara ya Nakapanya

Nakapanya ni kata ya Wilaya ya Tunduru katika Mkoa wa Ruvuma, ambao makao yake makuu ni Songea. Iko kwenye barabara ya Masasi, Mangaka, Tunduru na Songea, takriban kilomita 70 kutoka Mangaka na kilomita 66 kutoka mjini Tunduru. Barabara hii inaonyesha vizuri kwamba mpaka kati ya ziara na msafara unaweza kusogea wakati njia yenyewe imebaki palepale.

Kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo. Kusini mwa Tanzania kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo malori yalinasa kwenye tope. Wakati wa kiangazi shida ilikuwa vumbi, mchanga na umbali kati ya sehemu zenye maji. Upande wa Songea barabara hupita katika ushoroba wa wanyamapori unaounganisha Selous na hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, ambamo tembo huvuka. Mwendesha baiskeli aliyetaka kupita hapo alihitaji chakula cha siku kadhaa, maji ya kutosha, vipuri na muda usio na kikomo.

Katika miaka ya 2010 barabara ikawekwa lami kipande kwa kipande, pamoja na vile vya Mangaka hadi Nakapanya na Nakapanya hadi Tunduru. Leo mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kutoka Mangaka asubuhi, akala mchana Nakapanya, akalala hapo au kuendelea Tunduru. Tembo hawakuhamishwa na lami, na kusafiri usiku bado ni hatari, lakini sasa ni ziara. Anayeiita safari hiyo ya uchunguzi anajipamba.

Kusini yake hali ilikuwa tofauti. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo njia ya kutoka Negomano kwenda Mueda ilibaki ya udongo na mchanga. Mtu alivuka daraja la kisasa kama mtalii na kushuka upande wa pili kama mpelelezi.

Misafara ya mto Ruvuma

Bonde hilohilo lilipitiwa na misafara ya uchunguzi halisi kabla ya baiskeli kufika. Mwaka 1866 David Livingstone alitua Mikindani akapanda kufuata Ruvuma hadi Negomano na kuendelea katika nchi ya Wayao. Alikuwa na askari kutoka Uhindi, watu wa Anjouan, na ngamia, nyati waliofugwa, nyumbu na punda, kwa sababu alitaka kujua ni wanyama gani wangestahimili mbung'o. Wanyama walikufa, askari wakarudishwa pwani, na watu wa Anjouan wakamtoroka, wakaeneza Zanzibar habari kwamba ameuawa. Mwaka 1881 Joseph Thomson alitumwa na Sultani Barghash wa Zanzibar kutafuta makaa ya mawe katika bonde hilo. Jibu lake, kwamba hakuna makaa ya maana, halikumpendeza Sultani, lakini lilikuwa jibu.

Vitabu huiita misafara hiyo kwa majina ya Wazungu wawili. Waliojua njia, maji na lugha ni wengine. James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, alikuwa pamoja na Livingstone tangu 1866 hadi kifo chake mwaka 1873. Yeye, Abdullah Susi na wenzao waliibeba maiti hadi Bagamoyo, na baadaye akauongoza msafara wa Thomson wa mwaka 1879 kwenda ziwa Nyasa.

Udhaifu huo umerithiwa na misafara ya baiskeli ya leo. Mkulima wa Tunduru anayefunga gunia la korosho kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix na kulisukuma kwenye njia ya mchanga hadi ghala la chama cha ushirika hubeba mzigo mzito kuliko wa mgeni yeyote, kwenye njia ambayo mgeni ataiandika kuwa haijulikani. Safari yake si ziara wala msafara wa uchunguzi, ni kazi. Kwa hiyo "njia isiyojulikana" ni lazima iulizwe: isiyojulikana na nani?

Vibali

Tofauti hii ina maana pia kisheria. Mgeni anayeingia Tanzania kwa matembezi ya baiskeli huhesabiwa mtalii. Akipanga kufanya utafiti, kwa mfano kuchukua sampuli au kuhesabu wanyama, anahitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hata kama baiskeli yake na njia yake ni zilezile za mtalii aliyempita Nakapanya asubuhi.